Majibu ya dhahabu huharibikia kwenye kuandaa sampuli

Mchimbaji wa Geita akipewa majibu ya maabara yasiyolingana na alichokiona kwenye karai, hulaumu mashine ya kupimia. Mimi kazi yangu ni kuandaa sampuli, na majibu ya aina hiyo nikiyaona huuliza kwanza mawe yalipondwaje, yakagawanywaje.

Tuipige hesabu. Mfuko wa sampuli ya uchorongaji (kutoboa mwamba kwa mashine) huwa na kilo mbili au tatu. Kinachoingia kwenye tanuri, kuyeyushwa ili dhahabu itengwe na kupimwa, mara nyingi ni gramu 50. Mwamba wenye gramu 1 ya dhahabu kwa tani, katika gramu 50 zake mna mikrogramu 50 tu, yaani sehemu 50 za milioni za gramu. Sasa punje moja ya dhahabu yenye upana wa milimita 0.2, ndogo kuliko chembe nyingi za chumvi, ina mikrogramu 80 hivi. Ikiangukia ndani ya zile gramu 50, peke yake inaleta gramu 1.6 kwa tani. Ikibaki mfukoni, majibu yanaweza kukaribia sifuri. Na mwamba ni ule ule!

Ndiyo maana hatuchoti kwa kijiko. Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19, kwatzi, lile jiwe gumu ambalo dhahabu hupatikana ndani yake, mara 2.6 tu, kwa hiyo mfuko ukitikiswa njiani dhahabu hushuka chini. Tunakausha sampuli, kwa kawaida kwenye nyuzi 105 (anayepima zebaki asivuke 60, la sivyo itaruka kama mvuke), kisha karasha ya taya inaponda mpaka sehemu kubwa ipite chekeche cha milimita 2. Baada ya hapo ni kigawanyio cha mifereji, mmoja ukimwaga kushoto, wa pili kulia. Mimina taratibu, upana wote kwa pamoja. Anayemwaga upande mmoja kwa haraka ameshaharibu sampuli kabla mkemia hajaigusa.

Kusaga nako kuna mtego wake. Tunataka asilimia 85 ya unga ipite chekeche cha mikroni 75 (milimita 0.075), lakini dhahabu ni laini: haisagiki, inabanwa ikawa bapa na kujipaka kwenye kuta za bakuli la kusagia, halafu inatokea kwenye sampuli ya mteja mwingine. Kati ya sampuli zenye dhahabu nyingi tunasaga kwatzi safi, na mara kwa mara kwatzi hiyo nayo inapimwa. Bakuli lenyewe pia huchangia. La chuma huacha chuma na kromiamu, la tangsteni kabaidi huacha tangsteni na kobalti, hivyo sema mapema unatafuta madini gani. Vumbi la kwatzi nalo linaua mapafu. Usikubali kufanya kazi hii bila kifyonza vumbi na barakoa ya kweli.

Kwa wachimbaji wadogo: msilete jiwe moja linalong'aa, maana majibu yatalihusu jiwe hilo tu. Gonga vipande kwenye upana wote wa mshipa, leta kilo kadhaa, kisha omba sampuli igawanywe mara mbili baada ya kupondwa, kila nusu na namba yake. Majibu mawili yakiachana sana, kuna dalili ya dhahabu ya punje kubwa. Hapo omba kipimo cha chekeche: kilo nzima inachekechwa, kilichobaki juu kinaingia chote kwenye tanuri, unga uliopita unapimwa mara mbili, na wastani unakokotolewa kwa uzito wa kila sehemu. Ni ghali zaidi, lakini kwa mwamba wa aina hiyo ndicho ninachokiamini.