Je, wajua kwa nini watu watano wa meza moja hucheza michezo mitano?

Mlango umefungwa. Nyuma yake kuna watu wananong'ona kwa lugha ngeni, na mwanga wa mwenge unapenya chini ya kizingiti. "Mnafanyaje?" anauliza mwongozaji.

Wa kwanza ameshashika dadu: anavunja mlango. Wa pili anasema ngoja, tuna mafuta kwenye mizigo, tuyawashe hapa wakimbie moshi wenyewe. Wa tatu anabadilisha sauti, anakuwa shujaa mzee aliyefiwa na ndugu yake katika mapango haya haya, na anaanza kumlilia. Wa nne anataka kujua nani aliujenga mlango huo, na kwa nini mbao ni mpya ilhali ukuta ni wa kale. Wa tano anauliza kama soda zimebaki.

Mlango wenyewe haupo. Kuna meza, karatasi, penseli na dadu, moja ikiwa na pande 20. Huu ni mchezo wa kuigiza wa mezani, ambao maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons. Kila mchezaji anabeba mhusika mmoja. Mwongozaji anasimulia ulimwengu na kuwaigiza wengine wote waliomo. Penye shaka, dadu ndiyo inayoamua. Kanuni ni zile zile kwa wote watano. Inakuwaje basi kila mmoja yuko safari yake?

Kwenye bao au drafti hukuti hali hii. Wachezaji wanaweza kutofautiana kwa maarifa, hata kwa maneno ya kejeli, lakini wote wanajua walichokalia pale: mmoja atafunga, mwingine atafungwa. Mchezo wa kuigiza hauna kufunga. Kisa kimoja chaweza kwenda miaka, wahusika wakazeeka, na hakuna siku atakayesimama mtu kutangaza mshindi. Palipokosekana mstari wa mwisho, kila mtu huja na wake toka nyumbani.

Na haikuwa hivyo kwa kupangwa. Mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, Marekani, walikuwako vijana waliopenda michezo ya vita: sanamu ndogo za askari mezani, kila jeshi na jenerali wake. David Wesely alibuni pambano la zama za Napoleon katika mji wa kufikirika wa Kijerumani, Braunstein. Mbali na majenerali, aliwapa wachezaji wengine vyeo vya mjini: meya, mwenye benki, mkuu wa chuo kikuu. Alidhani hao watakuwa mapambo tu. Kumbe ndio walioteka mchezo. Wakaanza kula njama na kunong'onezana pembeni, na wawili wakaja kumwambia kwamba wameitana kupigana ana kwa ana, jambo ambalo hakuwa ameliandalia kanuni yoyote. Ikambidi azibuni pale pale. Wesely aliondoka akiamini mchezo wake umeharibika. Wachezaji wakamtaka aandae mwingine.

Mmoja wao, Dave Arneson, aliiendeleza hali hiyo katika ulimwengu wake wa Blackmoor, kisha akashirikiana na Gary Gygax wa Wisconsin. Mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikatoka, chapa ya kwanza nakala 1,000. Mtoto huyo alizaliwa na wazazi wasiofanana kabisa: baba jenerali mwenye kupima umbali kwa rula, mama mji mzima wa umbeya. Mpaka leo ukikaa mezani utawaona wazazi wote wawili wakigombana.

Hata hivyo si tabia za watu peke yake. Kanuni nazo zina mkono wake, hasa ile ya malipo, na hapa ndipo ningemshauri mtu yeyote aanze kuangalia kabla hajamlaumu mwenzake. Mhusika hupanda ngazi kwa kukusanya pointi za uzoefu. Katika toleo la wanaoanza la mwaka 1981, sarafu moja ya dhahabu iliyofikishwa salama ilikuwa pointi moja. Zimwi la kawaida, aina ya "orc", lilikuwa na thamani ya pointi 10 tu, tena za kugawana kundi zima, ilhali mpiganaji alihitaji pointi 2,000 kufika ngazi ya pili. Piga hesabu: kwa upanga peke yake ni mazimwi 200, na yeye mwenyewe anaweza kufa kwa pigo moja au mawili. Mwenye akili hakupigana. Alinyata, alihonga, alipita dirishani, akaondoka na sanduku. Toleo la tatu, la mwaka 2000, halikulipa tena kwa ajili ya dhahabu bali kwa kuwashinda maadui na kuvuka vikwazo. Hapo kukwepa mapigano kukaonekana kama kukwepa mshahara. Ukiwaweka pamoja mtu aliyelelewa na kanuni za zamani na mwingine wa kanuni mpya, mmoja anamwona mwenzake mwoga, wa pili anamwona mwenzake hana akili, na wote wawili wanacheza vizuri kabisa kwa walivyofundishwa.

Wapo waliojaribu kuwapanga wachezaji kwa makundi. Mwaka 1980 Glenn Blacow aliandika makala iliyotaja mielekeo minne: kuigiza, kusimulia hadithi, kukuza nguvu za mhusika, na kufikiri kivita. Mwaka 2002 Robin D. Laws, katika kijitabu cha kuwasaidia waongozaji, akafikisha saba. Makundi haya yanasaidia kama miwani, lakini ukiyafanya kabila utapotea. Yule mpiga mahesabu anaweza kutokwa na machozi farasi wake akifa.

Aliyenisaidia zaidi kuelewa ugomvi wa mezani ni mwanasosholojia Gary Alan Fine, aliyekaa na wachezaji wa Minnesota na kutoa kitabu mwaka 1983. Alionyesha kwamba aliyeketi pale ni watatu kwa mpigo: mtu mwenye jina lake na kazi yake, mchezaji anayejua kanuni, na mhusika anayeishi ndani ya kisa. Sasa mchukue mwizi. Usiku wenzake wamelala, anasema: "Nachomoa pete kwenye mfuko wa kasisi wetu." Kila mtu ananuna. Anajitetea: "Lakini ndivyo mhusika wangu angefanya!" Kwa mhusika, ni kweli, mwizi huiba. Kwa mchezaji, amewapunguzia nguvu kundi linaloelekea kwenye pango la joka. Na kwa yule wa kwanza, mtu mwenyewe, amemchokoza rafiki yake ambaye pete hiyo aliihangaikia vikao vitatu. Kila upande unajibu swali tofauti, ndiyo maana hawaafikiani. Tena utetezi huo una kasoro: mhusika huyo aliumbwa na nani?

Mkanganyiko huo huo hujitokeza kwa mtu mwenye haya. Kachagua kuigiza balozi fasaha, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Zamu yake imefika mbele ya mfalme, anababaika. Je, atamke hotuba, au atupe dadu tu tuone balozi kafanikiwa vipi? Wapenda uigizaji watasema atamke, la sivyo tumekaa kufanya nini? Mimi niko upande wa dadu. Hatumwambii mchezaji wa shujaa anyanyue meza ndipo tuamini mhusika wake ana misuli.

Siku hizi makundi mengi huanza na kikao cha sifuri: hakuna kucheza, watu wanasema tu wanachokitaka na wasichotaka kukigusa. Wengine humaliza mjadala kwa kuchagua mchezo wenye mwelekeo mmoja. Call of Cthulhu, uliotoka mwaka 1981, humnyang'anya mhusika akili zake kidogo kidogo kila anapoona la kutisha, na anayetaka kupigana na kila kitu hafiki mbali. Fiasco, wa mwaka 2009, hauna hata mwongozaji, na watu hukaa wakitarajia mipango ya wahusika wao iharibike.

Na yule wa soda? Kwenye orodha ya Laws yumo, na ushauri wake kwa mwongozaji ni kumwacha alivyo. Amekuja kwa ajili ya watu. Ndiye anayecheka kwanza, ndiye anayetuliza mwizi na kasisi wanapofikia kununiana, na akishaombwa kutupa dadu huitupa, anauliza "hiyo ni nzuri au mbaya?", kisha anarudi kwenye korosho zake. Mlazimishe amlilie ndugu yake pangoni, na Jumamosi ijayo kiti chake kitakuwa kitupu.