Je, wajua kwa nini fundi huzungusha injini kwa mkono raundi mbili baada ya kubadili kemshafti?

Pita gereji yoyote ya Tabata au Ilala wakati fundi anamaliza kufunga kemshafti, ile shafti ya juu yenye nundu zinazofungua valvu. Mwenye gari keshashika ufunguo, anataka kusikia mlio. Fundi anayeijua kazi hampi nafasi hiyo. Anatoa plagi, anapachika soketi kwenye bolti ya puli ya krenkshafti, shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, anazungusha taratibu raundi moja, kisha ya pili, halafu anainama kutazama alama. Kwa nini mbili?

Pistoni hufanya kazi kwa hatua nne: kunyonya, kubana, kulipuka na kutoa moshi. Hatua hizo humaliza raundi mbili kamili za krenkshafti, yaani digrii 720, na ndani ya muda huo kila valvu hufunguka mara moja tu. Ndiyo maana giya ya kemshafti ina meno mara mbili ya ile ya krenkshafti: chini ikizunguka mara mbili, juu inazunguka mara moja. Injini ikiwa kwenye raundi 3,000 kwa dakika, kila valvu hufunguka mara 25 kwa sekunde. Ukiishia raundi moja ya mkono, kuna valvu ambazo bado hazijaguswa na nundu zake, na huenda tatizo liko hapo hapo.

Mkono unatumika kwa sababu ya nafasi. Katika injini nyingi za sasa, ikiwemo 1NZ-FE tunayoiona kila siku kwenye IST na Probox, valvu iliyofunguka huingia mahali ambapo pistoni itafika muda mfupi baadaye. Ni wapangaji wawili wanaotumia choo kimoja cha uani: hakuna ugomvi, mradi kila mmoja aheshimu zamu yake. Zamu ikivurugika, ukizungusha kwa mkono utahisi injini imekwama, utaacha na kurudia kufunga. Ukiwasha kwa stata, valvu zinapinda na hedi, sehemu ya juu ya injini inayobeba valvu, itabidi ishushwe tena.

Na zamu huvurugika kwa kitu kidogo sana. Chukua giya ya kemshafti yenye meno 36. Kuruka jino moja ni digrii 10 za kemshafti, sawa na digrii 20 za krenkshafti. Pengine injini itawaka hivyo hivyo, lakini itatetemeka na kukosa nguvu, taa ya injini itabaki imewaka, na mashine ya kupima inaweza kutoa msimbo wa hitilafu P0016, unaosema kemshafti na krenkshafti haziendi pamoja. Ndiyo sababu kabla ya kufungua chochote, pistoni namba moja huwekwa juu kabisa, kisha cheni inayounganisha giya hizo mbili, pamoja na giya zenyewe, huwekewa alama za rangi. Cheni yenyewe ifungwe kwa waya. Ikilegea, itatumbukia ndani, na tenshona, ambayo kazi yake ni kufuata ulegevu, itachomoza. Hapo kazi ya uani imegeuka kuwa ya kufungua injini upande mzima wa mbele.

Kuitoa kemshafti penyewe ndipo wengi wanaofanya kazi nyumbani wanapoharibu. Chini yake kuna springi za valvu zinazosukuma juu, baadhi zikiwa zimebanwa na nyingine zimeachia. Ukifungua bolti za upande mmoja zote, kemshafti inainuka upande huo huku upande wa pili umeshikwa. Kemshafti nyingi ni chuma cha kalibu: kigumu, lakini hakipindi, kinakatika. Kwa hiyo bolti hulegezwa robo robo, kutoka nje kuelekea katikati, na wakati wa kukaza ni kinyume chake, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na kipimo cha kiwandani. Vifuniko vya beringi navyo vina namba na mshale. Vilitobolewa pamoja na hedi ile ile, havibadilishani nafasi, wala huwezi kuazima cha gari jingine.

Kwa mtazamo wangu, ndiyo maana kununua kemshafti ya mtumba peke yake Kariakoo ni bahati nasibu. Bora hedi nzima, kama bei inakubali. Ukinunua yenyewe, pitisha ukucha juu ya kila nundu. Ukucha ukikwama popote, irudishe. Na baada ya kufunga, pima nafasi ya tapeti (kipande kilicho kati ya nundu na valvu) kwa fila geji, vile visahani vyembamba vya kupimia upenyo, injini ikiwa ya baridi, kwa sababu nundu mpya huja na vipimo vipya.

Chunguza pia ile ya zamani ilikufa kwa nini; anza na oili. Kemshafti iko juu, oili hupanda hadi huko ikiwa imeshapita sehemu nyingine. Gari linalokaa foleni ya Mbagala saa nzima huongeza kilomita chache tu, lakini oili inachakaa vile vile.

Turudi kwenye puli. Zungusha upande ambao injini huzunguka ikiwaka, usirudishe nyuma. Baada ya raundi mbili, alama za giya zinapaswa kurudi mahali pake. Viungo vya cheni vyenye rangi havitarudi, na wengi hushtuka hapo wakafungua tena bure. Idadi ya viungo hailingani na raundi mbili, kwa hiyo rangi hizo ni za kufungia tu. Tazama alama za giya, rudisha plagi, funga tapeti kava, ndipo umpe mwenye gari ruhusa ya kuwasha.