Kufunga uvuvi kwa muda: maana yake, na kwa nini miezi mitatu haitoshi kwa kila samaki

Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika. Mbeya mjini hatuna mwalo, lakini migebuka na dagaa wa Kigoma tunawala, kwa hiyo neno "ziwa limefungwa" lilifika mpaka kwenye meza za samaki za Mwanjelwa na Soweto. Ziwa lenyewe lilikuwa wazi, na boti za abiria na mizigo zilipita. Kilichofungwa ni uvuvi.

Kufunga uvuvi kwa muda ni kuzuia samaki wasivuliwe, wote au wa aina fulani, mahali panapojulikana na kwa tarehe zilizotangazwa, kisha kuruhusu tena. Anayefunga anaweza kuwa serikali kwa sheria, au kijiji chenyewe kwa makubaliano yake. Hapo ndipo hatua hii inapoachana na hifadhi ya bahari kama ile ya Mafia, iliyoanzishwa 1995, ambayo ina maeneo yasiyovuliwa kabisa, iwe masika au kiangazi. Baruti nayo isiingizwe humu: hiyo ni haramu mwaka mzima. Wala siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzika kwa sababu taa zao hazivuti samaki, si kufunga. Hapo mwezi umewakatalia tu.

Mfano unaoeleweka haraka uko pwani, kwa pweza. Pweza jike hutaga mara moja maishani, hukaa akilinda mayai bila kula hadi yaanguliwe, kisha hufa. Maisha yake ni mafupi lakini hukua kwa kasi ya ajabu. Ukiacha mwamba bila kuchokolewa kwa miezi michache, yule pweza mdogo ambaye angeuzwa kwa bei ya kutupa anakuwa mzito mara kadhaa, na baadhi ya majike wanapata nafasi ya kutaga. Wanakijiji wa Andavadoaka, Madagascar, walilijaribu hilo mwaka 2004 na likaenea. Kisiwa Panza kule Pemba nao wamekuwa wakifunga sehemu ya miamba yao kwa zamu na kuacha mingine wazi, ili watu wasikose kitoweo. Nadhani hii ndiyo sababu ufungaji wa pweza unakubalika kirahisi: wanawake wanaoingia mwambani maji ya bamvua yakipwa wanaona faida ndani ya mwaka uleule, kwa macho yao, kwenye mizani.

Sasa mchukue chewa, samaki mkubwa wa miambani. Huyu huanza maisha akiwa jike, na wengi wao hugeuka dume wakishakuwa wakubwa, baada ya miaka. Miezi mitatu kwake ni kama hakuna, isipokuwa iangukie pale chewa wanapokusanyika kutaga. Ukifunga mwezi usio wake, umewanyima wavuvi riziki na samaki hujamsaidia. Si chewa tu: Kanada ilisimamisha uvuvi wa kibiashara wa kodi (cod), samaki wake mkuu wa pwani ya Newfoundland, mwaka 1992, ikitangaza miaka 2. Marufuku hiyo ilikuja kuondolewa 2024. Walikuwa wamechelewa kufunga, na samaki wao si wa kukua haraka.

Kwa hiyo mtu akisema "tufunge", swali la kwanza ni samaki yupi, anakua kwa muda gani na anataga lini. Dagaa wa Tanganyika wana maisha mafupi, na migebuka huwala, hivyo dagaa wakipumzika migebuka naye anapata chakula. Lakini ziwa lile lina nchi 4, na dagaa hajui mpaka. Ndiyo maana mpango ule uliwekwa kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo. Nchi moja ikifunga peke yake, inamfugia jirani.

Jambo linalosahaulika ni siku ya kufungua. Mitumbwi yote ikiingia majini asubuhi moja, kilichokua kwa miezi mitatu kinaweza kuondoka kwa siku chache, na bei mwaloni ikaporomoka kwa wingi wa mzigo. Kufungua bila kudhibiti idadi ya vyombo na macho ya nyavu ni kusogeza tu mbele siku ya kumaliza samaki.

Na gharama? Wanaobeba mzigo wa kwanza ni mvuvi asiye na shamba, mbeba mizigo wa mwaloni na mama anayekaanga. Mnunuzi wa Uyole hubadili kitoweo tu, akala maharage.

Kwetu nyanda za juu mjadala huu una sura yake Kyela. Mbasa wa Ziwa Nyasa hutoka ziwani na kupanda mito kutaga wakati wa mvua, na anayetega nyavu mdomoni mwa mto anawapata wote wakiwa na mayai. Mvua kubwa za Kyela huwa Machi na Aprili. Tukinakili tarehe za Tanganyika na kufunga ziwa zima katikati ya Mei, huenda tukawakuta mbasa wameshapita na wameshavuliwa. Kuzuia nyavu kwenye midomo ya mito kwa wiki za mvua kungewagusa wavuvi wachache zaidi, na mwenye usipa wake, dagaa wa Ziwa Nyasa, angeendelea kuvua huko ziwani.