Jua la Stockholm kwenye sebule ya Dar es Salaam: dhana potofu kuhusu picha za 3D za vyumba

Dhana ninayokutana nayo zaidi kwa vijana wanaoanza kazi ya kuchora vyumba kwa 3D, yaani kwa kompyuta hadi vifanane na picha halisi, ni kwamba picha zao zinaonekana katuni kwa sababu kompyuta ni dhaifu, au programu si ya kulipia. Si kweli. Programu ya 3D iitwayo Blender hutolewa bure, na Cycles, sehemu yake inayotengeneza picha ya mwisho, hufuata miale ya mwanga kama zifanyavyo programu za gharama. Kompyuta yenye nguvu inapunguza muda wa kusubiri tu. IKEA, kampuni ya samani yenye asili ya Sweden, ambayo katalogi yake ya 2006 ilikuwa na kiti cha mbao cha Bertil kilichotengenezwa kwa kompyuta, baadaye iliwataka wapiga picha wake wajifunze 3D, na watu wa 3D wajifunze upigaji picha. Hapo naona jambo kubwa: jicho nalo lilihitaji kufundishwa, si mashine tu.

“Ukuta mweupe uwe mweupe kabisa.” Hapana. Rangi nyeupe, hata ikiwa mpya, hurudisha takriban asilimia 80 hadi 85 ya mwanga. Ukiweka 100, mwanga unadunda ukuta hadi ukuta bila kuchoka, vivuli vya pembeni vinafutika na chumba kinakosa kina. Weka 0.8, yaani asilimia 80, uone. Na kona za meza zisiwe kali kama wembe. Fundi huzipitisha msasa, na mviringo wa milimita moja au mbili unatosha kushika mwanga.

Sasa dhana inayoniumiza zaidi: kwamba mwanga mzuri unafaa popote. Watu wanapakua mandhari ya 3D, yakiwa na mwanga wake tayari, yaliyotengenezwa Ulaya Kaskazini, yenye mwale mrefu wa jua uliolala sakafuni hadi ukuta wa pili, kisha wanaweka ndani yake sebule ya Mbagala na kusema ni saa sita mchana. Piga hesabu. Stockholm, mji mkuu wa Sweden, siku ya Juni ambayo jua la adhuhuri liko juu kuliko siku zote za mwaka, linafika nyuzi 54 hivi kutoka upeo wa macho. Dar es Salaam, mwezi huohuo wa Juni, ndipo jua la adhuhuri liko chini kuliko wakati wowote, na bado lipo nyuzi 60. Jua lao la juu kabisa halilifikii letu la chini kabisa. Dirisha ambalo ukingo wake wa juu uko mita 2.1 kutoka sakafuni litaingiza mwale wa adhuhuri mita 1.2 tu ndani; paa likitokeza vya kutosha, au pakiwa na baraza, hauingii kabisa.

Ukitaka mwale mrefu, chagua saa moja na nusu asubuhi au saa kumi na moja jioni, na dirisha litazame mashariki au magharibi. Mchana wa kwetu mwanga huja kwa kudunda: unapiga uani, kwenye zege au udongo mwekundu, unapanda hadi dari na kuipaka ujoto kidogo. Tena unapita kwenye grili na wavu wa mbu. Wavu huo unafifisha miti ya nje, na ukiusahau, macho ya mwenyeji yanashtuka hata kama hajui kwa nini.

Wengine wakishasikia kuwa ukamilifu si uhalisia, wanamwaga vumbi na mikwaruzo kila mahali kwa usawa. Uchakavu una mahali pake: kuzunguka swichi, kwenye mkono wa kochi, ukutani pale mgongo wa kiti unapogusa, kwenye vigae vya mlangoni. Vitu navyo vinahitaji mwenyewe. Niliwahi kumwonyesha mama mmoja picha ya sebule yake ijayo, mezani nimepanga vitabu viwili vikubwa na kikombe cha kahawa. Aliitazama kwa muda mrefu. “Mwanangu, humu wanaishi akina nani?”

Nikaondoa vitabu. Nikaweka vitambaa vya kufuma kwenye makochi, feni ya dari, rimoti ikiwa ndani ya nailoni yake. Niliporudi nayo akasogeza simu karibu na macho, akaweka kidole chini ya televisheni: “Na king’amuzi, mbona hakina waya?”