Kwa nini rivolva chache za kale huuzwa kwa bei kubwa mno

Katika kazi yangu ya kukadiria thamani ya silaha za kale, swali ninaloulizwa kuliko mengine yote ni kwa nini rivolva moja, yaani bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka, iuzwe kwa bei ya nyumba, ilhali nyingine ya mwaka uleule na kutoka kiwanda kilekile haipati mnunuzi wa maana. Aghalabu anayeuliza ana bastola aliyorithi, naye ameshaamini kwamba umri peke yake ni mali. Umri si mali. Rivolva ya kampuni ya Colt ya mwaka 1851 ijulikanayo kama Navy ilitengenezwa mjini Hartford, Marekani, hadi mwaka 1873, na idadi yake ni takriban 215,000. Nyingi zimesalia hadi leo, na nyingi kati ya hizo zilizosalia ni chuma cha rangi ya kahawia chenye maandishi yasiyosomeka. Zote zina umri wa kuheshimika, lakini ni chache sana zilizo na kile mkusanyaji anachokilipia, nacho ni hali ya asili ambayo ikishapotea hakuna fundi awezaye kuirudisha, pamoja na ushahidi kwamba hali hiyo ni ya kweli.

Silinda ya Navy inalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Kuizunguka, kiwanda kilipiga mchoro wa vita vya baharini vya Campeche vya tarehe 16 Mei 1843, ambamo merikebu za Jamhuri ya Texas zilipambana na zile za Mexico. Mchoro huo ni kazi ya Waterman Ormsby, mchongaji wa New York aliyekuwa stadi wa kuchonga mabamba ya kuchapia noti za benki. Haukuchongwa kwa mkono kwenye kila silinda, bali ulibingirishwa kwa nguvu kutoka kwenye roli ya chuma kigumu, na kwa sababu hiyo mistari yake haina kina. Kila bastola ilipochomolewa kwenye ala na kurudishwa, ngozi ilikula kidogo ya mistari hiyo. Kila ilipofutwa baruti, kitambaa kilikula zaidi. Ninapoishika Navy, huigeuza silinda polepole chini ya taa inayomulika kwa ubavu na kutafuta kwanza kamba za milingoti, kisha mawimbi, kisha moshi wa mizinga. Kamba hutangulia kufutika. Nikizikuta bado zimesimama moja moja, najua kwamba ninachokishika hakikufanya kazi nyingi maishani mwake, na hapo bei huanza kupanda kwa namna inayomshangaza asiyeuzoea mnada.

Kanuni ni ileile katika rangi ya chuma. Mtutu na silinda vilipewa rangi ya samawati nzito kwa kupashwa moto pamoja na makaa, baada ya kung'arishwa kwa mkono na mafundi waliofanya kazi hiyo miaka mingi. Fremu, yaani kiunzi cha bastola, na nyundo zilifungiwa ndani ya sanduku lenye mkaa wa mifupa na ngozi, zikapashwa moto mkali, kisha zikatumbukizwa majini kwa ghafla, na uso wa chuma ukatoka na mawingu ya samawati, kijivu, hudhurungi na manjano yasiyofanana katika fremu mbili zozote. Mwanga wa jua huyafifisha mawingu hayo, na jasho la mkono huyala. Rivolva ambayo bado ina sehemu kubwa ya rangi hizi baada ya miaka mia moja na hamsini ilibahatika kukaa gizani, mahali pakavu, mikononi mwa watu ambao hawakuigusa bila sababu. Ndiyo maana wakusanyaji huzungumza kwa asilimia: tofauti kati ya rivolva yenye asilimia 40 ya rangi ya kiwandani na yenye asilimia 90 haihesabiwi kwa nusu ya bei, kwa kuwa mara nyingi hiyo ya pili huwa na thamani ya kwanza mara kadhaa.

Kwa sababu hiyo huniuma kuona rivolva iliyosuguliwa. Mtu mwenye nia njema huchukua msasa, au huipeleka kwa fundi ipigwe polishi na kupakwa rangi upya ili ipendeze, na kwa saa chache za kazi hiyo huondoa sehemu kubwa ya thamani yake. Ishara za usafishaji hazifichiki. Kingo zilizokuwa kali huwa za mviringo, matundu ya skrubu hubonyea pembeni kama visahani, na herufi za anwani ya kiwanda juu ya mtutu hupoteza kina upande mmoja kuliko mwingine. Rangi mpya inaweza kuwa nzuri machoni kuliko ile ya kwanza, lakini soko halilipii uzuri wa kazi ya jana. Kutu nyepesi iliyotulia, soko huiheshimu kuliko polishi.

Uhaba ndio sababu inayotajwa zaidi, nao ni wa kweli, ingawa hauna nguvu pasipo mambo hayo ya kwanza. Mfano mkuu ni Colt ya mwaka 1847 iliyopewa jina la Walker. Kampuni ya kwanza ya Samuel Colt, iliyokuwa Paterson katika jimbo la New Jersey, ilikuwa imekufa mwaka 1842, naye hakuwa na kiwanda chake alipoafikiana na Kapteni Samuel Walker kuhusu bastola kubwa kwa ajili ya askari wapanda farasi waliokuwa wakipigana Mexico. Kazi ilifanyika katika kiwanda cha Eli Whitney mwana, Connecticut. Zilitengenezwa 1,100 tu: 1,000 za jeshi na 100 za kuuzwa au kutolewa zawadi kwa raia. Kila moja ilikuwa na uzito wa takriban kilo mbili na mtutu wa inchi tisa, na matundu ya silinda yalibeba baruti nyingi kuliko chuma cha siku zile kilivyoweza kuhimili kila mara. Baadhi ya silinda zilipasuka mikononi mwa askari. Nyingine zilipotea vitani, nyingine zilikatwa mitutu ili zibebeke kwa urahisi, nazo zote zilitumika kwa ukali. Ndiyo sababu Walker yenye rangi yake ya asili ni kitu ambacho mtu anaweza kufanya kazi hii maisha yake yote bila kukishika. Mwaka 2018, moja ya zile 100 za kiraia, iliyonunuliwa na nahodha wa Kidenmaki na kutunzwa katika sanduku lake, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Mnunuzi alilipia uhaba, hali na karatasi za ushahidi kwa pamoja, na ningesema kwamba uhaba peke yake haungefikisha hata robo ya bei hiyo.

Colt ya mwaka 1873, ile ya risasi sita inayojulikana na watu wengi kuliko zote, inatufundisha jambo jingine. Toleo lake la kwanza, lililokoma mwanzoni mwa miaka ya 1940, lilizidi 350,000, kwa hiyo si bastola adimu hata kidogo. Lakini zile za awali zilizonunuliwa na jeshi la Marekani zilipita kwa wakaguzi, na kila mkaguzi aliacha herufi za jina lake kwenye chuma na kwenye mti wa mpini. Herufi za Orville W. Ainsworth ndizo zinazotafutwa zaidi, kwa kuwa miongoni mwa bastola alizozikagua ndimo zimo zile za Kikosi cha 7 cha Wapanda Farasi, kilichopata hasara kubwa ya askari kando ya mto Little Bighorn mwezi Juni 1876. Katika miaka ya 1890 jeshi lilizikusanya bastola nyingi za aina hii, likazifungua, likakata mitutu kutoka inchi saba na nusu hadi inchi tano na nusu, na kuziunga upya bila kujali namba za vipande vyake. Kwa hiyo Colt ya jeshi iliyoponyoka ukataji huo, yenye mtutu mrefu, namba zinazolingana na herufi za Ainsworth zilizo wazi mtini, ni mabaki ya kundi dogo ndani ya kundi kubwa. Wageni wa soko hukosea hapa mara nyingi, kwa kutazama idadi ya toleo zima badala ya idadi ya zilizobaki kama zilivyotoka kiwandani.

Nakuja kwenye karatasi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo hasa inayozipeleka bei juu ya upeo wa akili. Kampuni za Colt na Smith & Wesson zilitunza daftari za mauzo, na kwa malipo mkusanyaji anaweza kupata barua inayosema rivolva yenye namba fulani ilitoka kiwandani siku gani, ikiwa na mtutu wa urefu gani na rangi gani, na ilipelekwa kwa nani. Barua hiyo inaweza kuongeza thamani au kuiua papo hapo: rivolva iliyopakwa nikeli ambayo daftari linasema ilitoka ikiwa ya samawati haina tena la kujitetea.

Karatasi yenye nguvu zaidi huwa ile iliyoandikwa na watu ambao hawakuwa na habari za wakusanyaji. Colt ambayo sherifu Pat Garrett alimuulia mhalifu mashuhuri Billy the Kid tarehe 14 Julai 1881, huko Fort Sumner, New Mexico, iliuzwa Los Angeles mwezi Agosti 2021 kwa zaidi ya dola milioni sita. Kwa chuma chake ni bastola ya kawaida, isiyo na nakshi wala pembe. Kilichoitenga na nyingine ni mnyororo wa ushahidi: Garrett mwenyewe aliithibitisha kwa maandishi akiwa hai, na baada ya kifo chake mjane wake alikwenda mahakamani kuidai kutoka kwenye mirathi ya mwenye baa aliyekuwa ameionyesha ukutani kwake. Kesi ya familia ni shahidi bora kuliko hadithi ya familia, kwa kuwa pande mbili zilizogombana zilikubaliana walau juu ya jambo moja, yaani bastola ilikuwa ipi.

Upande mwingine wa jambo hili ni Lefaucheux, rivolva ya Kifaransa, ya milimita saba iliyookotwa na mkulima katika shamba la Auvers-sur-Oise, Ufaransa, ambayo inaaminika kuwa ndiyo mchoraji Vincent van Gogh aliyojipigia risasi mwezi Julai 1890. Imeliwa na kutu kiasi kwamba haifai kitu kwa kanuni zote nilizozieleza, na hata hivyo iliuzwa Paris mwezi Juni 2019 kwa euro 162,500. Miaka mitatu kabla, Lefaucheux ambayo mshairi Paul Verlaine alimjeruhi mshairi mwenzake Arthur Rimbaud mjini Brussels mwaka 1873 iliuzwa kwa euro 434,500. Ile ya Verlaine ilishikwa na polisi na kuingia katika kumbukumbu za kesi. Ile ya Auvers inategemea mahali ilipookotwa, aina ya risasi na kiasi cha kutu. Van Gogh ni jina kubwa kuliko Verlaine, lakini bei ilimwendea mwenye ushahidi.

Kuna rivolva za karne ya 20 ambazo zimeingia katika daraja hili kwa njia yao wenyewe. Mwaka 1935 Smith & Wesson ilianza kuuza rivolva ya kwanza ya risasi ya .357 Magnum kwa kila mteja kwa vipimo alivyochagua, ikiambatana na cheti cha usajili, na ya kwanza ilikwenda kwa J. Edgar Hoover, mkuu wa FBI, idara ya upelelezi ya Marekani. Zilizosajiliwa hivyo hazikuzidi sana 5,500, na yenye cheti chake leo huuzwa kwa bei iliyo mbali na ile iliyopoteza karatasi hiyo. Colt Python, iliyoanza mwaka 1955, ilipanda kwa sababu nyingine: mafundi wa kuilainisha kwa mkono walipungua, utengenezaji ukasimama mwaka 2005, na hata toleo jipya la mwaka 2020 halikuondoa hamu ya zile za zamani zenye samawati ya kina.

Sheria nayo huingia katika bei. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa ya kale, hivyo rivolva mbili zinazofanana zinaweza kuwa pande mbili za mstari huo, na ile ya upande wa kale ina wanunuzi wengi zaidi kwa sababu inahama mkono hadi mkono kwa urahisi.

Penye bei kama hizi hapakosi ghushi. Viwanda vya Italia vimetengeneza nakala za Colt tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na mtu mwenye subira anaweza kuifuta mihuri ya Italia, kuitia nakala asidi na kuizeesha hadi imdanganye asiyejua. Hatari zaidi ni bastola ya kweli iliyoboreshwa: Colt halisi ya kiraia iliyoongezwa herufi za mkaguzi, au nakshi mpya iliyochongwa juu ya chuma cha kale. Katika nakshi ya namna hiyo hutazama mahali mstari unapokutana na kovu. Kovu likipita juu ya nakshi, nakshi ilitangulia. Mstari ukikata kovu, umechongwa baadaye. Nikiletewa Walker, huanza na namba zote, kwa kuwa zilipigwa kwenye vipande vingi, kisha nazilinganisha umbo la tarakimu moja baada ya nyingine kwa lenzi kabla hata ya kutazama rangi. Kipande kimoja kilichobadilishwa zamani, katika vita vilevile, bado naweza kukieleza kwenye ripoti na mnunuzi akakikubali kwa bei ya chini. Tarakimu iliyopigwa upya naiandika kama ilivyo, na hapo bastola hiyo huondolewa kwenye orodha ya mnada.