Sumaku haitoshi kupima stenlesi

Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya mafundi na wavuvi, kuanzia Malindi hadi Wete: gusisha sumaku, ikinata, stenlesi ni feki, isiponata ni halisi na baharini haili kutu.

Sivyo. Stenlesi ziko aina nyingi. Kila aina ina namba yake: ya 430 hunasa sumaku na ni stenlesi kamili. Ya 304 kwa kawaida hainasi, ila ikikunjwa baridi, kama kwenye kona za sinki, huanza kuvutika kidogo. Hatari zaidi iko upande wa pili: 201, yenye nikeli kidogo na manganizi nyingi, nayo hainasi. Mtu huifunga kwenye boti akidhani ni 316, ile inayohimili bahari, na chumvi huila kwa kutu.

Kinachoitofautisha 316 ni metali iitwayo molibdeni, asilimia 2 hadi 3, na sumaku haiitambui. Kipimo cha mkononi cha eksirei huitambua: unakielekeza kwenye chuma kilichosafishwa, na kwa sekunde chache kinataja kiasi cha kila metali bila kukata wala kukwaruza. (Kaboni hakiisomi, hilo nalo lijulikane.)

Mkanganyiko unaeleweka. Stenlesi nyingi tunazozishika ni 304, sumaku ikateleza, watu wakaifanya kanuni.

Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Asiye na kipimo amwombe muuzaji cheti cha kiwanda, kisha alinganishe namba iliyo kwenye cheti na ile iliyopigwa kwenye chuma chenyewe.