KV kubwa si nguvu kubwa

Wapenzi wa bagi za rimoti, vile vigari vidogo vya mashindano ya vumbini, wamezoea kuambizana kwamba mota yenye KV kubwa ndiyo yenye nguvu. Sivyo. KV (wala si kilovolti, ingawa wengi huisoma hivyo) ni mizunguko kwa dakika kwa kila volti moja, mota ikiwa haina mzigo.

Chukua bagi ya kipimo cha 1:8 (moja ya nane ya gari halisi) yenye betri ya seli 4, yaani volti 14.8, na mota mbili za umbo moja. Ya KV 1900 itazunguka takriban mara 28,000 kwa dakika. Ya 2200, zaidi ya 32,000. Kasi imepanda, ni kweli. Lakini kwa kila ampea hiyo ya pili hutoa nguvu ndogo ya kuzungusha, kwa hiyo ukiiacha na gia zilezile itakunywa betri, na ukiigusa baada ya mbio utaondoa kidole upesi.

Kama umeshainunua hiyo ya 2200, punguza jino moja au mawili kwenye gia ndogo ya mota, kisha lainisha uondokaji kwenye kidhibiti mwendo. Kwenye udongo mkavu mimi ningechukua 1900 bila kusita.